Pampasi ya gundi, ya kuvaa au nepi ya kufua? Kumchagulia mtu mzima asiyezuia mkojo

Mama alipotoka hospitali baada ya kiharusi tulipewa dawa, tarehe ya kliniki na neno moja la mlangoni: "Mtafutieni pampasi za watu wazima." Nikashuka mjini. Kwenye duka la kwanza la dawa dada wa kaunta akaniuliza, kwa sauti iliyowafikia hata waliokuwa wakisubiri daladala nje, "Za anayetembea au za anayelala?" Aibu ikanipanda mpaka masikioni. Nikajibu haraka, "Zozote, ila kubwa kabisa," nikalipa, nikatoka.

Nilikosea mara mbili kwa pumzi moja. "Zozote" zikawa za kuvaa kama chupi, na kumvalisha hizo mtu ambaye upande mzima wa mwili haumsikii ni mieleka. "Kubwa kabisa" zikawa XL, na mama ana nyonga za binti. Mkojo ulipita mapajani kama vile hajavaa kitu. Usiku huo tulibadili mashuka mara tatu. Sisi tunakaa Bugarika, mtaa wa mlimani Mwanza, juu kwenye mawe, ambako maji yakikatika ndoo hupanda ngazi juu ya kichwa cha mtu.

Tangu siku hiyo nimewahudumia wawili: mama, ambaye analala na kukalishwa, na mjomba wangu wa Nansio, kisiwani Ukerewe, mtu anayejitembelea, aliyeanza kuvuja baada ya upasuaji wa tezi dume. Kinachomfaa mmoja, kwa mwingine ni hasara tupu. Kwa hiyo sina jibu la "ipi bora". Ninachoweza ni kuziweka ubavu kwa ubavu na kuuliza maswali mawili yasiyoandikwa kwenye pakiti yoyote: ni ya saa ngapi, na nani atafua?

Kwanza ujue kinachotoka

Kibofu cha mtu mzima hubeba kama mililita 400 hadi 500, na kwa siku nzima watu wengi hutoa lita moja hadi mbili. Lakini si kila anayevuja anaachia yote kwenye nguo. Mjomba huvuja vijiko viwili vitatu akikohoa au akinyanyua kitu kizito. Mama huachia kibofu kizima, bila taarifa.

Shika daftari kwa siku tatu. Andika saa aliyokunywa, saa aliyolowa, na amelowa kiasi gani. Pampasi iliyolowa iweke kwenye mfuko, ipime kwenye mizani ya jikoni, utoe uzito wa pampasi kavu: kila gramu ni kama mililita moja. Tulipofanya hivyo kwa mama, za mchana zilikuwa na kama 250 kila moja, na ile ya alfajiri inakaribia 700. Kumbe mchana tulikuwa tunamvisha pampasi nene za bei bila sababu, na usiku tunamlaza na hizo hizo zikiwa hazitoshi.

Daftari hilo hilo ndilo la kumpelekea daktari, maana kuvuja si jambo la kuvumilia tu kwa kuwa mtu amezeeka. Kukianza ghafla, au kukija na homa na maumivu wakati wa kukojoa, pima mkojo kabla ya kununua chochote. Kisukari kisichotulia huleta mkojo mwingi. Choo kigumu kilichokwama hubana kibofu. Vidonge vya presha vya kukojosha vikimezwa jioni, mtu hukesha navyo. Muulize daktari kama vinaweza kuhamia asubuhi. Damu kwenye mkojo, kwa watu wa Usukumani, iwafikirishe kichocho, hasa kwa aliyekulia kwenye mabwawa na majaruba ya mpunga. Ila kwa mzee msiishie hapo, ichunguzwe mpaka ijulikane ilikotoka. Na mwanamke aliyeanza kutokwa na mkojo mfululizo baada ya uzazi wa shida asiuziwe pampasi akaambiwa azoee. Huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na fistula ina upasuaji. Hospitali ya Bugando, hapa Mwanza, wamekuwa wakiufanya, na hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam huwatibu wagonjwa wa fistula bila malipo.

Ya gundi na ya kuvaa

Ya gundi hufunguka ikawa bapa kama leso, halafu hufungwa kiunoni kwa vibandiko, kwa kawaida viwili kila upande. Ya kuvaa ina mpira kuzunguka kiuno na hupandishwa kama chupi. Dukani zinakaa rafu moja na zinafanana picha, lakini zinatengana kwenye jambo moja kubwa: ya gundi unaweza kuibadili bila mtu kunyanyuka.

Kwa anayelala hakuna mjadala. Unamgeuza ubavu, unatoa ya zamani ukiikunja kwa ndani, unamfuta, unaisukuma mpya chini ya mgongo, unamrudisha, unafunga. Kabla ya kumvisha ikunje pampasi kwa urefu, kama unakunja daftari, ili zile kuta ndogo za pembeni zisimame. Ndizo zinazozuia mkojo usikimbilie mapajani. Vibandiko vya chini funga kwanza ukivielekeza juu kidogo, kisha vya juu ukivielekeza chini. Kwa mwanamume hakikisha uume umeelekea chini kabla ya kufunga, la sivyo mkojo utatokea tumboni na shati litalowa huku pampasi ikiwa kavu. Hili la mwisho halikuelezwa na mtu. Jirani yangu anayemuuguza baba yake alilijua baada ya wiki nzima ya kufua mashati.

Ya kuvaa ni ya mtu anayesimama, anayekwenda chooni mwenyewe na anayetaka kuishusha na kuipandisha bila kuita mtu. Ikilowa unaipasua mishono ya pembeni, inatoka bila kushuka miguuni na kuchafua. Ubaya wake unaanza kwenye kuvaa mpya: lazima suruali ivuliwe yote, na viatu. Kwenye choo cha stendi ya Nyegezi, sakafu imelowa, ndiyo utajua. Pia kwa jumla hubeba kidogo kuliko ya gundi ya saizi ile ile.

Uingereza, mtafiti Mandy Fader na wenzake waliwapa watu wenye tatizo hili aina mbalimbali wazivae nyumbani kwao, wakatoa ripoti mwaka 2008. Hawakupata aina moja iliyowafaa wote. Wanawake na wanaume walitofautiana, mchana na usiku vilitofautiana, na ushauri wao ukawa kuchanganya aina badala ya kung'ang'ania moja. Nilipolisoma hilo nilijilaumu kidogo kwa pakiti zote nilizonunua nikitafuta ile moja ya kumaliza kazi.

Kuna swali jingine ambalo Waingereza hawakuwa na haja ya kuuliza: nani anabadili? Kwetu mkwe wa kiume hawezi kumfungua mama mkwe, na mtoto wa kiume kwa mama yake mzazi ni mtihani. Kama mchana nyumbani anabaki kijana peke yake, na mzee anaweza kusimama akishika meza, ya kuvaa inamwachia mama heshima yake: kijana anamshika mkono mpaka mlangoni, mengine anayamaliza mwenyewe. Kama hawezi kusimama, tafuta mwanamke wa kulipwa kwa saa chache kabla hujatafuta pampasi ya bei. Bila mtu wa kuibadili, hata ile ya bei italowa na kukaa.

Saizi: pima kiuno na nyonga kwa futi ya fundi cherehani, uchukue kipimo kilicho kikubwa, ulinganishe na sentimita zilizoandikwa kwenye pakiti. Usitegemee herufi, maana M ya kampuni moja si M ya nyingine. Na XL haimaanishi "inabeba zaidi". Inamaanisha mtu mnene zaidi. Ikiacha nafasi pajani, mkojo utaiona hiyo nafasi kabla yako.

Kwa wanaovuja kidogo

Wanawake wengi huanzia kwenye pedi za hedhi, kwa kuwa zipo na hakuna anayeshangaa mtu akinunua. Zinafaa kwa matone tu. Damu ya hedhi ni nzito na hutoka taratibu. Mkojo ni mwepesi na huja kwa kasi, kwa hiyo pedi ya hedhi haiwahi kuunyonya, unapita juu yake. Pedi za mkojo zina chembechembe zinazogeuza maji kuwa kama ute mzito, ndiyo maana pedi inayofanana kwa unene hubeba mara kadhaa zaidi na haitoi harufu upesi.

Kwa wanaume kuna pedi ya umbo la kifuko, inakaa mbele ndani ya chupi ya kubana. Mjomba alicheka nilipompelekea, kisha akaacha kucheka. Chupi iwe ya kubana kweli. Ndani ya bukta pana kifuko kinazunguka na kwenda zake. Pamoja na hivyo vifuko alifundishwa mazoezi ya misuli ya nyonga: kubana kama mtu anayezuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, kuhesabu, kuachia, mara kadhaa kila siku kwa miezi isiyopungua mitatu. Vifuko alianza na vinne kwa siku. Siku hizi mara nyingi ni kimoja.

Ya kutupa na ya kufua

Hapa ndipo familia nyingi zinapokwama, na ndipo ninapogombana na watu. Wapo wanaosema pampasi za kutupa ni anasa, bibi zetu waliuguzwa kwa nepi na kanga kuukuu. Ni kweli waliuguzwa. Ila waliofua hawakuandikwa popote.

Tuanze na pesa. Chukua bei ya duka lako. Mimi nitaweka namba ya mfano tu. Moja ikiwa shilingi 1,500 na unatumia nne kwa siku, ni 6,000 kwa siku na 180,000 kwa mwezi. Ukibakiza ya kutupa moja tu, ile ya usiku, na mchana ukatumia nepi, unashuka mpaka 45,000. Ongeza sabuni na maji, bado tofauti ni kubwa. Hesabu hiyo ndiyo inayowafanya watu waamue papo hapo kwamba nepi ndiyo jibu.

Sasa weka nani atafua. Nepi tatu kwa siku, na shuka moja moja inayoponyoka, zinataka ndoo mbili tatu za maji, kila siku, bila Jumapili. Kama bomba liko ndani ya uzio na jua lipo, inawezekana kabisa. Kama maji yanapandishwa mawe ya Mabatini au Igogo kwa ndoo, na anayepandisha ni mtoto wa darasa la sita kabla ya shule, basi ile 135,000 uliyookoa kuna mtu anailipa. Mimi niliifanya kazi hiyo miezi minne. Vidole vilichubuka, nikaanza kumkaripia mama anapolowa, naye akaanza kukataa kunywa maji ili asinisumbue. Mkojo ukawa mweusi kama chai, ukaja na homa. Kwa hiyo siandiki kwamba nepi ni bei rahisi. Ni rahisi kwa nyumba yenye maji na mikono.

Ukiziamua, zitengeneze vizuri. Soko la Mlango Mmoja lina taulo za mtumba na shuka za flaneli kwa bei ya kuongeleka. Fundi wa mtaani anaweza kukata umbo la pampasi ya gundi. Mpe moja ya kuigiza. Mwambie asishone tabaka zote pamoja. Nepi nene iliyoshonwa tabaka tano haikauki masika, inabaki na unyevu katikati na kutoa harufu. Afadhali ganda la nje lenye mikanda ya kunasa, na ndani vipande virefu vya taulo unavyokunja mwenyewe, kila kimoja kikauke peke yake kambani. Juu karibu na ngozi weka flaneli. Nje, kitambaa chepesi kisichopitisha maji. Bukta za plastiki ngumu ziache. Zinamtokosa mtu, na joto hilo likikutana na mkojo ngozi hupauka na kuchubuka. Kumi na mbili zinatosha kuanzia, maana mvua ikinyesha siku mbili mfululizo utashukuru kwa kila moja.

Kufua: mwaga kinyesi chooni kwanza, suuza kwa maji baridi, kisha fua kwa maji ya moto na sabuni, suuza mpaka povu liishe kabisa kwa sababu sabuni iliyobaki inawasha. Dawa ya kulainisha nguo usitie. Inaacha mafuta na taulo linaanza kukataa maji. Jiki kwa nadra, inakula nyuzi na kuharibu lile ganda la nje. Anika juani, na jua la Mwanza linafanya nusu ya kazi bila malipo.

Msifulie ziwani. Najua walio Kirumba, Igombe na visiwani watasema ziwa lipo pale, mwamba wa kufulia upo pale. Lakini mayai ya kichocho cha tumbo hutoka na kinyesi, yanaangua majini, yanaingia kwa konokono wa ufukweni, na kinachotoka kwa konokono kinapenya ngozi ya yeyote anayesimama humo, wewe mwenye kufua ukiwa wa kwanza. Beba maji, fulia nchi kavu, mwaga mbali na ziwa.

Ya kutupa nayo ina swali lake: inatupwa wapi? Hapa wengi tunajifanya hatuoni. Pampasi haiozi kwenye choo cha shimo; inavimba, inajaza, na siku gari la kunyonya likija mpira wake unaziba. Kwenye nyumba za mlimani zilizounganishwa na mabomba ya majitaka ni hivyo hivyo, unaziba wewe na majirani wa chini. Ukiitupa korongoni, mvua ya kwanza inaishusha hadi mto Mirongo, na Mirongo unaishia ziwani tunakovua sato. Ikunje kwa ndani, ifunge kwa vibandiko vyake, itie kwenye mfuko wa pakiti iliyokuja nayo, ingoje gari la taka. Kuichoma ikiwa imelowa ni kuwapa majirani moshi wa plastiki na kubaki na nusu yake jivuni.

Watu wanaovisha mbili kwa pamoja

Nimewaona wengi, na mimi nimefanya: pampasi mbili, moja juu ya nyingine, ili usiku upite. Haisaidii. Ile ya ndani ina plastiki upande wa nje, kwa hiyo mkojo ukiijaza haushuki kwenye ya pili, unatokea pembeni. Zinazofaa kuongezewa ni pedi za nyongeza zisizo na plastiki chini. Zikijaa zinaachia mkojo uende kwenye pampasi. Usipozipata, kipande cha taulo safi ndani ya pampasi ya usiku kinafanya kazi inayokaribia, mradi kitolewe alfajiri.

Kitanda, ndoo na kopo

Godoro la sponji likishanywa mkojo halirudi. Makintoshi, yaani lile shuka la mpira la hospitali, ndiyo kinga ya kwanza, lakini mtu asilalie mpira mtupu: tandika juu yake kanga au shuka lililokunjwa mara mbili kuanzia kiunoni hadi mapajani. Pedi za kitandani za kutupa ni nzuri siku ya kusafiri au ya kuharisha. Kuzitumia kila siku badala ya pampasi ni kumlaza mtu kwenye unyevu.

Halafu kuna kitu ambacho hakikai rafu moja na pampasi, nami naamini kingepaswa kutangulia. Wazee wengi wanaoitwa "hawazuii" wanazuia vizuri, ila choo kiko nje, ngazi kumi na mbili za mawe, usiku, mvua inanyesha, na goti halikunji. Mwanamume mpe kopo lenye mdomo mpana na mfuniko, likae mkono unapofika. Kwa mwanamke seremala akitoboa kiti imara na kuweka ndoo chini yake, umepata choo cha kando ya kitanda. Mama alipoweza kukaa tukampeleka kwenye kiti hicho kila baada ya saa tatu, awe na hamu au asiwe nayo. Pampasi za mchana zikashuka kutoka tatu hadi moja ya tahadhari. Hakuna pakiti iliyotuokolea pesa namna hiyo.

Mpira wa mkojo

Mama alitoka wodini akiwa ametolewa mpira, nasi tulimsihi muuguzi aurudishe twende nao nyumbani. Alikataa. "Mnataka mlale ninyi au apone yeye?" Niliudhika, alikuwa sahihi. Mpira unaoingia kibofuni una kazi zake: mkojo uliokataa kutoka, kidonda cha mgongoni kinachohitaji kukaushwa, mgonjwa mahututi. Kila siku unapokaa ndani ni njia ya vijidudu kupanda. Ukishauriwa kitabibu kwamba lazima, basi mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu lakini usiguse sakafu, mpira usikunjwe wala kuvutwa, na ujulikane tarehe ya kubadilishwa. Ile ya silikoni ya kukaa muda mrefu haizidi wiki 12.

Mpira wa kuvaa ni kitu kingine. Ni kama kondomu yenye mrija unaoshuka kwenye mfuko, kwa wanaume peke yao, hauingii ndani. Kwa mwanamume anayelowa sana na ambaye ngozi yake ya uume ni nzima, unashinda pampasi usiku: anabaki mkavu na familia inalala. Unataka kupimwa saizi, kuvuliwa kila siku, kuosha na kukagua. Nimeona watu wakitengeneza wa kwao kwa kondomu ya kawaida na kuufunga kwa uzi au plasta kuzunguka. Usifanye. Uume ukivimba ndani ya hicho kitanzi damu haipiti, na mgonjwa wa kiharusi hatakuambia kwamba unauma.

Ngozi ndiyo inayopiga kura

Badili kila inapolowa vya kutosha, na mara moja kukiwa na kinyesi, kwa sababu kinyesi na mkojo pamoja huchubua haraka kuliko kimoja kimoja. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali. Maji ya dawa ya kuua vijidudu yaache kwenye sakafu. Kausha kwa kugusa, usisugue. Mafuta ya mgando au krimu ya zinki, utando mwembamba tu, maana yakizidi yanaziba uso wa pampasi isinyonye. Poda usichanganye na mafuta, inakuwa unga uliolowa kwenye mikunjo. Wekundu usiopotea ukibonyeza kwa kidole, kwa anayelala, ni mwanzo wa kidonda cha kulalia; hapo suala si pampasi tena, ni kumgeuza na kumwona mtaalamu.

Kulinganisha chapa mbili mezani

Pakiti zingine zina matone yaliyochorwa, zingine zinaandika mililita. Kipimo cha maabara huzamisha pampasi nzima ndani ya maji; mtu hakojoi hivyo, kwa hiyo kiasi itakachobeba ikiwa mwilini ni pungufu sana. Fanya jaribio lako. Omba duka likuuzie moja moja. Yapo yanayokubali kufungua pakiti. Chukua lita moja ya maji, koroga chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu. Chumvi ni ya lazima: zile chembechembe hunywa maji matupu kuliko zinavyokunywa mkojo, na bila chumvi kila chapa itaonekana bingwa. Mwaga kikombe cha mililita 250 katikati kwa mkupuo, subiri dakika tano, kandamiza kwa karatasi ya chooni kavu. Rudia kikombe cha pili. Tazama karatasi imelowa kiasi gani, na kama maji yalikimbilia pembeni kabla ya kunyonywa. Kwa njia hii niliiacha chapa moja ya bei ya juu nikabaki na ya bei ya kati. Mstari wa rangi unaobadilika ukilowa ni mzuri kwa anayelala asiyesema. Kwa anayetembea usiulipie.

Safari ina sheria zake. Zamani kwenda Sengerema ilikuwa kungoja kivuko Kigongo, na kungoja ndiko kulikovunja watu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 mama amekwenda kuwaona ndugu zake na pampasi mbili tu kwenye begi. Kwa mjomba, meli ya Nansio ni kama saa tatu majini, na choo cha meli kina foleni. Siku hiyo anaacha kifuko na kuvaa ya kuvaa, hata kama atafika mkavu.

Mpangilio wetu wa sasa ni huu. Mama: ya gundi M nene kuanzia saa mbili usiku, mchana nepi moja na kiti chenye ndoo, makintoshi na kanga kitandani, na binti wa jirani tunayemlipa kufua siku tatu kwa wiki. Siku za mvua tunarudi kwenye za kutupa bila kujilaumu. Mjomba: vifuko, na pakiti moja ya za kuvaa kwa ajili ya safari na misiba, ambako mtu hukaa chini saa nyingi. Namtumia mimi kutoka huku, kwa meli. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2019 hakuna tena ule mfuko mweusi wa kufichia, kwa hiyo zinakwenda ndani ya boksi. Amesisitiza nje liandikwe "betri za taa za dagaa". Naandika betri.